Jiwe Lililobebwa na Wengi

Hadithi, hadithi!

Nawasikia mkiitikia, "Hadithi njoo!" Vizuri sana. Basi sogeeni, wapwa zangu. Mwenye kigoda akae, mwenye mkeka ajilaze. Hadithi nyingi huja na uongo wake ili utamu ukolee. Ya leo ina uongo mmoja tu: jiwe litazungumza na mwanambuzi. Hayo mengine yote ni kweli. Jiwe lipo. Mbuzi wapo. Watu walikuwepo. Na yumo mtoto mmoja mchanga, ambaye tutakutana naye mbele ya safari. Msilale kabla hatujamfikia.

Haya, twende Ireland.

Ireland ni kisiwa huko Ulaya, magharibi ya Uingereza. Mvua hainyimi mtu huko. Nyasi ni za kijani mwaka mzima. Lakini upande wa magharibi wa kisiwa, katika kaunti ya Clare, kuna mahali panapoitwa Burren. Ukifika Burren, kijani kinakukimbia. Kilima ni jiwe. Bonde ni jiwe. Unapokanyaga ni jiwe. Jiwe la kijivu, tambarare, lililopasuka nyufa ndefu ndefu. Udongo umejificha ndani ya nyufa hizo, na humo huota nyasi na maua. Majira ya kuchipua yakifika, huchomoza ua dogo la buluu kali liitwalo jentiana, na watu husafiri kutoka mbali kuja kulitazama.

Katikati ya mawe hayo, yapata kilomita 8 kusini ya kijiji cha Ballyvaughan, limesimama kaburi la kale. Jina lake Poulnabrone.

"Mjomba, kaburi linasimamaje? Makaburi si hulala?"

Ah! Mnamwona huyu? Huyu anasikiliza kwa masikio yote mawili. Ndiyo, mpwa wangu, makaburi mengi hulala. Hili limesimama. Umemwona bibi akiinjika chungu? Anapanga mafiga, kisha chungu kinakaa juu. Poulnabrone imejengwa hivyo hivyo. Mawe marefu yamesimikwa wima. Hayo ndiyo mafiga. Juu yake limelazwa jiwe moja pana na bapa. Hilo ndilo chungu. Ila mafiga yenyewe yanakaribia kimo cha mtu mzima, na chungu kina urefu wa mita 4 hivi na uzito wa tani 5.

"Tani 5 ni nyingi, Mjomba?"

Nenda dukani kwa muuza saruji. Mfuko mmoja ni kilo 50. Hesabu mifuko 100. Ifunge yote iwe kitu kimoja. Sasa inyanyue, uiweke juu ya mafiga yako, na figa hata moja lisianguke. Ukimaliza, njoo uniambie kama ni nyingi.

Wataalamu huliita kaburi la namna hii dolmeni. Ireland ina dolmeni zaidi ya 170. Lakini hii ya Poulnabrone ndiyo tunayoijua kwa undani, na mtaona ni kwa nini.

Siku moja mvua ilinyesha Burren. Huko kuna mbuzi wa porini, wenye manyoya marefu na pembe zilizopinda. Kati yao alikuwemo mwanambuzi mmoja mwenye maswali mengi. Mama yake alishachoka kujibu. Mvua ilipozidi, mwanambuzi akakimbilia kwenye dolmeni. Pale pana kamba ya kuwazuia wageni wasisogee. Lakini mbuzi na kamba, nani aliwahi kuwapatanisha? Akapita chini yake, akajisitiri chini ya jiwe kubwa, akajikung'uta maji.

"Hodi," akasema, maana alilelewa vizuri.

"Karibu," jiwe likajibu.

Mwanambuzi akaruka juu kwa miguu yote minne. "Kumbe unasema!"

"Nasema na anayeuliza," jiwe likasema. "Wengi hunipiga picha wakaenda zao."

"Basi shikamoo, Babu Jiwe."

"Marahaba, mwanangu. Uliza."

"Una miaka mingapi?"

Jiwe likanyamaza kidogo, maana mawe hayana haraka. Kisha likasema, "Unauliza miaka yangu mimi, au miaka ya nyumba hii? Mimi na nyumba hatukuzaliwa siku moja."

"Anza na wewe."

"Mimi nilizaliwa yapata miaka milioni 330 iliyopita. Nilizaliwa baharini. Bahari ya joto, isiyo na kina kirefu, karibu na ikweta."

Hapo mpwa wangu mmoja ananikatiza. "Mjomba, ikweta si inapita Kenya? Si inapita Nanyuki?"

Inapita Nanyuki, ndiyo. Inapita Uganda, inapita Kongo. Na wakati ule ardhi tunayoiita Ireland ilikuwa jirani na mstari huo. Ardhi hutembea, wapwa zangu. Hutembea sentimita chache tu kwa mwaka, lakini kwa miaka milioni 330 hata anayetambaa hufika mbali. Chini ya bahari ile waliishi matumbawe na wanyama wenye magamba. Walipokufa, magamba yao yalirundikana, yakashindiliwa, yakawa jiwe la chokaa. Ndilo jiwe la Burren. Nyumba za kale za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar nazo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe. Ukoo ni mmoja, ila la Burren ni kubwa wao kwa umri, tena kwa mbali sana.

Tuwarudie wenzetu kwenye mvua.

"Kisha?" mwanambuzi akauliza.

"Kisha bahari ikaondoka. Ikaja barafu, nene kupita kilima. Ikatambaa juu yetu, ikatusugua, ikachukua udongo wote. Yapata miaka 15,000 iliyopita ikawa imeyeyuka. Mvua ikaanza kazi yake. Maji ya mvua huila chokaa polepole. Yaliingia kwenye nyufa, yakazipanua. Mimi nikabaki nimelala, bapa, nimeachana na wenzangu pande zote. Nikasubiri."

"Ukasubiri nini?"

"Watu."

"Uliwasubiri muda gani?"

"Mawe hayana haraka," jiwe likasema.

Watu walikuja. Kulikuwa na wawindaji kwanza, kisha wakaja wakulima. Wakulima hawa walivuka bahari kwa mashua, wakiwa wamebeba mbegu za ngano na shayiri, na wamepakia ng'ombe na kondoo. Mababu wa mababu zao walitokea upande ambao leo ni Uturuki. Ukoo ulisogea kidogo kidogo, shamba kwa shamba, kizazi kwa kizazi, kwa maelfu ya miaka, mpaka ukafika ukingoni mwa Ulaya, ambako mbele ni bahari kuu tu.

"Na mbuzi?" mwanambuzi akauliza kwa wasiwasi.

"Na mbuzi. Babu zako wa kale waliletwa kwa mashua. Nasikia walitapika njia nzima."

Samahani, wapwa zangu. Hilo la kutapika jiwe limetia chumvi. Lakini mbuzi kuletwa na wakulima kwa mashua, hilo ni kweli.

Wakati huo Burren haikuwa tupu kiasi hiki. Palikuwa na udongo zaidi, na miti. Wakulima walikata miti wapate malisho na mashamba. Mvua ikauosha udongo, ukateremkia kwenye nyufa. Hata hivyo ufugaji haukukoma. Mpaka leo wafugaji wa Burren huwapandisha ng'ombe vilimani wakati wa baridi, maana mawe huhifadhi joto la kiangazi na nyasi za nyufani huendelea kuota.

Basi wakulima hao, yapata mwaka 3800 kabla ya Kristo, walilitazama jiwe letu. Wakalizunguka. Wakainama wakachungulia chini yake. Wakasemezana. Wakakubaliana: hili.

"Mjomba, mwaka 3800 kabla ya Kristo ni zamani kiasi gani?"

Piramidi kubwa ya Giza, kule Misri, unaijua? Siku ya kwanza ya ujenzi wa piramidi ile, Poulnabrone ilikuwa imeshatimiza zaidi ya miaka 1,000.

"Walininyanyuaje, unataka kujua?" jiwe likasema.

"Nataka," mwanambuzi akasema.

"Hawakuwa na chuma. Hawakuwa na gurudumu. Kreni ndiyo usiseme. Walikuwa na kamba, magogo, mawe madogo, na mikono. Na kitu kimoja zaidi."

"Kitu gani?"

"Subiri. Mawe hayana haraka."

Wataalamu wanadhani kazi ilikwenda hivi. Kwanza mafiga yalisimikwa, miguu yake ikaingizwa kwenye nyufa za mwamba ili yasiyumbe. Kuyazunguka pakarundikwa mawe madogo na udongo, ukawa mteremko. Kisha jiwe bapa likapenuliwa kwa wenzo. Mnajua wenzo? Ni gogo refu unaloliingiza chini ya kitu kizito, ukaliegemeza kwenye jiwe dogo, kisha ukakandamiza upande wa pili. Kitu kizito kinanyanyuka kidogo. Kidogo tu. Unasukumia gogo la pili chini yake. Unapenua tena. Unasukumia jingine. Kisha watu wanashika kamba. Wanavuta. Jiwe linasogea juu ya magogo hatua moja. Wanapumzika. Wanavuta. Hatua nyingine. Mpaka jiwe linapanda mteremko na kukaa juu ya mafiga.

"Na kile kitu kimoja zaidi?" mwanambuzi hakusahau. Anayependa kujua hasahau.

"Kupatana," jiwe likasema. "Mmoja akivuta leo na mwingine akivuta kesho, mimi sisogei. Lazima wote wavute pamoja. Lazima mtu awepo wa kusema 'haya!' na wote wamwamini. Lazima mwingine apike, mwingine achunge ng'ombe, mwingine awashike watoto wasisogelee kamba. Mimi sikunyanyuliwa na mwenye nguvu. Nilinyanyuliwa na waliopatana."

Wazee wetu walishasema: jifya moja haliinjiki chungu. Kule Burren watu walilijua neno hilo kwa mabega yao.

"Mjomba, lakini walijisumbua kwa nini? Si wangechimba tu shimo?"

Swali hili ni la mtu mzima, na limeulizwa na mtoto. Nimefurahi. Fikiria wewe ni mkulima mgeni katika nchi. Umekata miti. Umelima. Umemzika mama yako hapo. Unataka kila apitaye ajue kwamba watu wako wapo hapa, waliokufa na walio hai, na kwamba hawatahama. Shimo halionekani kwa mbali. Jiwe la tani 5 juu ya mafiga linaonekana. Kaburi hili lilisema kwa niaba yao: sisi ni wa hapa.

Tena hawakulijenga wakalisahau. Walirudi. Wakarudi tena. Kwa miaka 600 hivi, toka yapata mwaka 3800 hadi 3200 kabla ya Kristo, waliendelea kuwaweka wafu wao humo.

"Mjomba, nani aliandika tarehe hizo? Walijua kuandika?"

Hawakujua. Tarehe iliandikwa na mifupa. Nisikilizeni vizuri hapa, maana ni gumu kidogo, lakini nyinyi mtaliweza. Hewani kuna aina moja ya kaboni inayoitwa kaboni 14. Mimea huivuta. Wanyama hula mimea. Wewe unakula vyote. Kwa hiyo uko nayo mwilini sasa hivi. Mwenye uhai huila kila siku. Akifa, haongezi tena. Iliyobaki huanza kupungua, na hupungua kwa mwendo uleule siku zote: baada ya miaka 5,730 inabaki nusu. Mtaalamu akipima kaboni 14 iliyobaki kwenye mfupa, anajua mwenye mfupa alikufa lini. Basi. Hakuna uchawi. Kuna hesabu.

"Na nani aliikuta hiyo mifupa?"

"Hilo niulizeni mimi," jiwe likasema, "maana lilinigusa. Mwaka 1985 figa langu moja la mbele, la upande wa mashariki, lilionekana lina ufa. Figa likipasuka, chungu kitafanya nini?"

"Kitaanguka!" mwanambuzi akalia, akatazama juu kwa hofu.

"Ningeanguka. Basi mwaka 1986 wakaja wataalamu. Kiongozi wao alikuwa mwanaakiolojia Ann Lynch. Kabla ya kunitengeneza, walichimba chini yangu. Walichimba kwa vijiko na brashi, taratibu. Niliwapenda. Nao hawakuwa na haraka. Kisha wakaweka figa jipya mahali pa lililopasuka, nami nikakaa sawasawa. Tulia, mwanangu, hutafunikwa leo."

Chini ya jiwe wataalamu walikuta mifupa ya watu zaidi ya 30. Haikuwa imepangwa mtu kwa mtu. Ilikuwa imechanganyika, mingine imeteremkia kwenye nyufa za sakafu. Wanaume walikuwemo, wanawake walikuwemo, watoto walikuwemo. Pamoja nao kulikuwa na shoka la jiwe lililosuguliwa likalainika, shanga za mawe, kidani cha mfupa, vipande vya vyungu, na vijiwe vya fuwele vinavyometameta.

Na mifupa nayo husema, kwa anayejua kuisikiliza.

Mifupa ya shingo na mabega ilisema: tulibeba mizigo mizito toka utotoni. Meno yalisema: tulikula nafaka iliyosagwa kwa mawe, na changarawe zake tulizitafuna humo humo. Meno ya watoto yalisema: kuna miaka tuliugua, kuna miaka chakula hakikutosha. Mfupa mmoja wa nyonga ulikuwa na ncha ya mshale iliyovunjikia ndani. Huo ulisema: hatukupatana na kila mtu, kuna siku tulipigana. Na umri wao? Wakubwa wengi walikufa kabla ya kutimiza miaka 30. Mmoja tu alivuka 40.

"Mjomba, mama ana miaka 34."

Kwa hesabu yao, mama yako angekuwa bibi kizee anayeombwa ushauri na kijiji kizima. Kamwambie.

Sasa fanyeni hesabu nyingine nami. Miaka 600. Watu zaidi ya 30. Gawanyeni. Inatoka mtu mmoja karibu kila miaka 20. Hiyo ina maana gani?

Kimya? Nitawasaidia. Ina maana kwamba si kila aliyekufa aliwekwa humo. Wengi walizikwa kwingine. Kuingia chini ya jiwe hili kulikuwa heshima ya wachache.

"Basi waliingia wafalme!"

Nilijua mtasema wafalme. Hata mimi ningesema hivyo. Kaburi kubwa, wachache wanaingia, kichwa kinakimbilia kwa wafalme na mashujaa. Lakini sasa tumefika pale nilipowaahidi. Amsheni waliolala.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo cha Trinity, Dublin, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao. Walikuwa wamechunguza vinasaba kutoka kwenye mifupa ya makaburi ya kale ya Ireland, na Poulnabrone ilikuwemo. Vinasaba ni maandishi madogo sana yaliyomo ndani ya mwili wa kila mtu, na ndiyo yanayosema utakuwa na macho ya rangi gani na umefanana na nani. Maandishi hayo yamefungwa katika mafungu yanayoitwa kromosomu. Watu wengi wana kromosomu 46. Watoto wengine huzaliwa na 47, imezidi moja. Iliyozidi ikiwa ni kromosomu ya 21, hali hiyo huitwa sindromu ya Down. Pengine una rafiki au ndugu mwenye hali hiyo, au umemwona shuleni. Hujifunza polepole kuliko wengine, hucheza, hucheka, hununa, hupenda watu wake.

Mmoja wa watu waliowekwa Poulnabrone alikuwa na kromosomu 47.

Alikuwa mtoto wa kiume. Alikuwa na umri wa miezi 6 hivi. Aliishi yapata miaka 5,500 iliyopita. Hadi uchunguzi huo ulipotoka, hakuwa amewahi kutambuliwa mtu wa kale zaidi yake mwenye hali hiyo. Na kemikali za mifupa yake zinaonyesha jambo jingine: huenda alikuwa akinyonya maziwa ya mama.

"Hakuwa mfalme," mwanambuzi akasema polepole.

"Hakuwa mfalme," jiwe likasema. "Hakuwahi kuvuta kamba. Hakuwahi kubeba gogo wala kulima hata shimo moja la mbegu. Lakini alipokufa walimleta hapa, mahali walipoletwa wachache. Nami nilimfunika sawasawa na nilivyowafunika wenye mabega mapana."

Tena watafiti haohao waliona kwamba kaburi hili halikuwa la familia moja ndogo. Waliolala humo hawakuwa ndugu wa karibu wa tumbo moja. Mnaona jambo hili linavyofungana? Jiwe halikunyanyuliwa na nyumba moja, wala halikuifunika nyumba moja.

Miaka ilipita. Wakulima wale wakatoweka, wakaja wengine. Yapata miaka 1,500 baadaye, katika zama ambazo watu walishajua kufua shaba nyeusi, mtu fulani alileta kichanga kilichokufa karibu na kuzaliwa, akakilaza mbele ya mlango wa kaburi. Hakuwajua wajenzi. Hakujua majina yao. Alijua tu kwamba hapa ndipo mtu aweza kumlaza mtoto wake kwa heshima.

Na baada ya hapo watu wakasahau kabisa nani alijenga. Mtu akisahau, hufanya nini?

"Hutunga hadithi!"

Safi! Wairishi walitunga hadithi. Walisimulia kwamba binti Gráinne alikuwa ameposwa na Fionn mac Cumhaill, shujaa aliyekwisha kuzeeka. Lakini moyo wa Gráinne ulimpenda kijana Diarmuid. Wakatoroka wawili. Fionn akawafuata. Ili wasikamatwe, kila usiku walilala mahali papya. Basi kila dolmeni iliyosimama kondeni, watu waliionyesha wakasema: hiki ni kitanda cha Diarmuid na Gráinne. Hadithi tamu, sivyo? Kipande cha jiwe kikawa kitanda cha wapenzi. Nao wenyewe waliolala humo wakangoja waulizwe.

"Mjomba, ni Ireland tu walikofanya hivi? Kwetu je?"

Nilikuwa nakungoja uulize. Twende magharibi ya Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, mahali paitwapo Lothagam. Yapata miaka 5,000 iliyopita wafugaji wa huko walijenga jukwaa kubwa la mawe na kusimamisha nguzo za mawe juu yake. Katikati waliwazika watu wao. Mwaka 2018 watafiti walikadiria kwamba wamezikwa hapo watu wasiopungua 580. Wazee, vijana, watoto, wanaume, wanawake, wote pamoja, na karibu kila mmoja na mapambo yake. Wafugaji wa Turkana na wakulima wa Burren hawakuwahi kuonana. Lakini wote walibeba mawe mazito kwa ajili ya watu wao, na wala hawakungoja mfalme awaamuru.

Mvua kule Burren ikakatika. Mwanambuzi akatoa kichwa nje, akanusa hewa.

"Babu Jiwe, nina swali la mwisho. Wageni wanaokuja kukuona wakufanyie nini?"

"Waniulize," jiwe likasema. "Wasipande juu yangu. Na tafadhali, wasing'oe mawe."

Hili la kung'oa mawe niwaeleze. Wageni wengi wakiona Poulnabrone hupata hamu ya kuiga. Huokota mawe ya pale pale, wakajenga vidolmeni vidogo, wakapiga picha. Wanaona ni mchezo tu. Lakini kila jiwe likiondolewa, sakafu ile ya miaka milioni 330 inaharibika, na mimea na wadudu walioishi hapo wanakosa makao. Watunzaji wa Burren hupata kazi ya kuvibomoa na kurudisha mawe. Basi ukitaka kujenga dolmeni, jenga nyumbani kwenu.

Tena nataka mjenge. Hii ndiyo kazi yenu ya Jumamosi. Tafuteni mawe matatu ya kusimama na jiwe moja bapa la kulaza juu, ambalo mmoja wenu peke yake hawezi kulinyanyua lakini watatu au wanne mnaweza kulisogeza. Ombeni ruhusa kwa mama, na mtu mzima akae karibu. Simikeni mafiga. Rundikeni mchanga uwe mteremko. Chukueni vijiti vinene viwe magogo, na mti mmoja mrefu uwe wenzo. Fungeni kamba. Chagueni mmoja wa kusema "haya!"

Mtaona jambo la kwanza: mkivuta ovyo, jiwe halisogei. Mtaona la pili: mtagombana nani awe wa kusema "haya!" Gombaneni kidogo, kisha mpatane, maana kugombana hakulinyanyui jiwe. Na yule mdogo wenu asiyeweza kuvuta, msimfukuze. Mpeni kazi ya kuhesabu hatua, na jiwe likikaa juu, awe wa kwanza kuchungulia kwa mbali kidogo, mtu mzima akishahakikisha kwamba mafiga ni imara.

Mkishindwa, iteni majirani. Hata wale wa Burren huenda waliita majirani. Na vidole vyenu, wapwa zangu, viwekeni mbali na jiwe.